Jones Yupi Ndiye Babu Yenu?

Mchumba wako ana asili ya Wales na mnataka kuujua ukoo wake kabla mtoto hajapewa jina? Jiandaeni, maana huko akina Jones, Davies na Evans wamejaa tele. Zamani mtu aliitwa kwa jina la baba yake: Dafydd ab Ifan ni kama Daudi bin Yohana, na binti aliitwa ferch. Jina lilibadilika kila kizazi, hadi baadaye koo zilipobaki na moja.

Sasa mfanyeje? Kwanza waulizeni wazee wangali hai. Kisha ingieni kwenye sensa. Ile ya 1851 inaonyesha parokia aliyozaliwa mtu. Hapo ndipo mfungue vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, vilivyoamriwa kuandikwa tangu 1538. Hamuoni kitu? Wengi walisali nje ya Kanisa la Anglikana, kwa hiyo tafuteni vitabu vya madhehebu yao.

Chonde chonde, msimdake Jones wa kwanza! Linganisheni umri, kazi na jina la shamba. La sivyo, mtoto wenu atarithi jina la babu wa watu.