Chenjiova Isiyojua Tanesco

Katika nyumba moja ya matofali ya kuchoma juu ya mji wa Morogoro, pale barabara ya magari inapokata tamaa na njia ya miguu inaanza kuupanda Uluguru, kuna chenjiova ukutani. Boksi la kijivu, mkono mwekundu, alama za I, 0 na II: ni swichi ile ile inayofungwa penye umeme wa Tanesco na jenereta, ili kuchagua kimoja. Ila nyumba hii haina jenereta. Wala hakuna waya hata mmoja wa Tanesco unaoingia kwenye boksi hilo. Nyaya zinazotokea chini yake zinatambaa ukutani hadi kwenye spika mbili za mbao, zimefika kiunoni kwa urefu, vitambaa vya mbele vimefifia kama kanga ya zamani.

Mwenye nyumba alizirithi kwa mjomba wake, jambo ambalo kwa Waluguru halihitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo ni boksi.

Mkono ukiwa I, spika zinasikiliza ampli iliyo kabatini, inayokula umeme wa Tanesco. Ukirudishwa 0, kimya. Ukisukumwa II, unasikika mlio mmoja mkavu, kla!, na sauti inatoka kwenye redio ya gari iliyochomekwa ndani ya boksi la mbao na kufungwa kwenye betri ya sola. Redio ya gari ndiyo mkubwa hapo nyumbani. Ilikuwepo kabla nguzo za umeme hazijafika. Ampli ilikuja baadaye, na fedha za jozi ya pili ya spika hazikuja nayo. Basi spika zile zile zikawa za wote wawili.

Aliyefunga chenjiova hiyo ni fundi redio mwenye kibanda mjini, si mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Hataki jina lake gazetini. Anasema kuna wateja wanaomdai redio zao, na hao nao wanasoma magazeti. Kibandani mwake harufu ya risasi iliyoyeyuka haitoki, na juu ya meza kuna kopo la maziwa lililojaa aisii za ampli zilizoungua. Alichagua moja, akaigeuza. Ilikuwa na tundu dogo katikati, kama jino lililooza.

Hiyo, kwa maelezo yake, ni kazi ya vijana wanaosokota. Kusokota ni kuchukua nyaya za ampli mbili na kuzifunga pamoja kwenye spika moja, kwa imani kwamba ukiwasha hii na kuzima ile, mambo yatakwenda. Hayaendi. Mlango wa kutolea sauti wa ampli, ukiutazama kutoka nje, una ukinzani mdogo mno, mara nyingi chini ya omu moja. Spika ina omu 8. Umeme hauna adabu, unapita palipo rahisi: badala ya kwenda kusukuma spika, unamwagikia ndani ya ampli ya pili. Hata iwe imezimwa, unaiingia kwa mlango wa nyuma. Hapo, anasema fundi, umeua moja, na kama fyuzi zimechelewa, umeua zote.

Ana mfano wake, na anautoa kwa kila mteja. Spika ni mume, ampli mbili ni wake wenza. Ukewenza unawezekana, ila kwa zamu, na zamu iwe na usiku mmoja wa katikati ambao mume halali kwa yeyote. Usiku huo wa katikati ndio 0 ya chenjiova. Swichi ya hovyo inaweza kugusa upande wa pili kabla haijaachia wa kwanza, na sekunde ile moja inatosha kulijaza kopo la maziwa.

Mteja aliyezoea nyaya za nyumba huuliza swali lile lile: kwa nini usikate chanya peke yake, hasi zote ukaziunganisha? Hapo ndipo fundi alipochukua mita yake.

Aliwasha redio ya gari juu ya meza, akaishusha sauti hadi mwisho. Ncha nyeusi ya mita akaiweka kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa hasi wa spika. Mtu angetegemea sufuri. Mita ikaonyesha karibu volti 6. Akahamia waya wa chanya wa spika: karibu volti 6 tena. Kisha akaweka ncha moja kwenye kila waya wa spika, na mita ikalala kwenye sufuri. Akatulia, akaacha jambo liingie. Katika redio ya gari, hasi ya spika si hasi ya betri. Kila spika ina ampli ndogo mbili zinazosukumana, moja ikipanda nyingine inashuka, na zote mbili zinapumzikia nusu ya volti za betri. Ni ujanja wa kupata nguvu kutoka kwenye volti 12 tu. Ukiifunga hasi hiyo pamoja na hasi ya ampli ya nyumbani, ambayo kwa kawaida imeshikana na bodi, umeileta volti 6 mahali inapotakiwa kuwa sufuri. Aisii nyingine zina kinga, zinanyamaza tu. Nyingine zinaingia kwenye kopo.

Kwa hiyo zinakatwa nyaya zote nne, chanya na hasi, kushoto na kulia. Na hapa ndipo mtu anaweza kuipenda kazi ya fundi huyu: chenjiova ya umeme wa fezi tatu ina njia nne, tatu za fezi na moja ya nyutro. Nne kamili. Aliyeibuni hakuwa na haja ya muziki.

Boksi limeandikwa ampea 63. Ampli ya wati 100 kwenye spika ya omu 8 inapitisha ampea 3 na nusu hivi. Redio ya gari ni kidogo zaidi. Fundi alipiga hesabu kwa kalamu nyuma ya kalenda: volti 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 16, yaani omu 8 mara mbili, wati 9. Kwenye katoni imeandikwa wati 50 mara 4. Alicheka kwa pua tu.

Yupo atakayesema angechomeka waya kutoka nyuma ya redio ya gari kwenda kwenye ampli, shida ikaisha. Ingeisha umeme ukiwepo. Redio ya gari ipo hapo kwa ajili ya saa ambazo haupo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mgao uliokuwa umewachosha watu ukapungua; lakini mti ukilalia waya mlimani wakati wa masika, bwawa halisaidii kitu.

Jioni hiyo fundi alipanda hadi kwenye nyumba ile, na umeme ulikuwepo. Mzee mwenye nyumba aliweka flashi yenye nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefia ajalini Mombasa Januari 1979, na ambaye katika mji huu bado anazungumziwa kama mtu aliyetoka dukani kununua sigara. Alipiga wimbo mmoja kwa I, akaurudia kwa II. Akadai kwamba gitaa kwa betri linapendeza zaidi. Fundi akainama, akabana sikio kwenye spika, sauti ikiwa imeshushwa kabisa. Kwa I, mngurumo mwembamba wa transfoma. Kwa II, hakuna kitu. Akasema mzee anasikia ukimya, si gitaa. Mzee akakataa: ni gitaa lenyewe, tena lile la pili, linalojibu. Wati 9 dhidi ya 100. Walibishana hadi chai ikapoa, na mita haikuweza kuamua.

Karibu na boksi, kwa kalamu ya wino mzito, fundi ameandika: SPIKA TU, SI UMEME. Herufi ni ndogo kuliko hatari yake. Siku moja nyumba itapata jenereta, na fundi mwingine atakutana na chenjiova iliyokwisha fungwa.

Kinachomsumbua fundi huyu mwenyewe ni kingine. Swichi ya ampea 63 imezoea mkondo mzito, ambao huchoma utando kwenye vigusio kila inapofungwa. Muziki wa sauti ya chini ni mkondo mwepesi mno, hauchomi kitu, na ukungu wa Uluguru hauna huruma kwa metali. Tayari upande wa kulia hukatika mara moja moja. Dawa yake kwa sasa ni kuupeleka mkono huku na huku mara tatu, kla, kla, kla, vigusio vijisugue. Alifanya hivyo, upande wa kulia ukarudi. Masika yakiisha atapanda tena, afungue kifuniko aangalie.