Kujifunza Kutokana na Gitaa Zuri

Umekwisha kujifunza kwamba sauti hutokea kitu kinapotetemeka. Sasa tutaona jinsi mafundi walivyoitumia kanuni hiyo kutengeneza magitaa bora. Gitaa tutakalolizungumzia hapa ni lile lisilotumia umeme.

Sauti ya gitaa hutoka wapi?

Uzi wa gitaa ni mwembamba. Ukitetemeka peke yake husukuma hewa kidogo tu, na sauti yake husikika kwa shida. Kwa hiyo nyuzi hupitishwa juu ya kipande cha mti kiitwacho daraja. Daraja limegundishwa kwenye ubao wa juu wa sanduku la gitaa. Uzi unapotetemeka, daraja huutikisa ubao. Ubao ni mpana, hivyo husukuma hewa nyingi, nasi husikia sauti vizuri.

Ubao huo lazima uwe mwepesi ili utetemeke kwa urahisi. Lazima pia uwe na nguvu, kwa kuwa nyuzi huuvuta wakati wote. Ubao mnene mno hauharibiki upesi, lakini sauti yake ni hafifu. Ubao mwembamba mno hutetemeka vizuri, lakini hupinda au kupasuka. Kazi ya fundi ni kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Jaribio la Torres

Antonio de Torres alikuwa fundi wa magitaa wa Hispania. Alizaliwa mwaka 1817, akafa mwaka 1892. Torres alitumia ubao wa juu mwembamba. Chini yake aligundisha fito nyembamba, mara nyingi 7, zilizotawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Fito hizo huupa ubao nguvu bila kuuongezea uzito mwingi.

Torres aliamini kwamba ubao wa juu ndio sehemu muhimu kuliko zote. Je, angewezaje kuthibitisha hayo? Mwaka 1862 alitengeneza gitaa la ajabu. Ubao wake wa juu ulikuwa wa mti, lakini mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu. Hata hivyo, gitaa hilo liliweza kutoa sauti nzuri. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Subira ya Hauser

Mwaka 1924 mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, alifika mjini Munich, Ujerumani. Huko alimwonyesha fundi Hermann Hauser gitaa lake alilolipenda, lililotengenezwa mjini Madrid mwaka 1912. Hauser alilichunguza kwa makini.

Je, alifaulu mara moja kutengeneza la kumridhisha Segovia? La. Alitengeneza, akasikiliza maoni, akasahihisha, akatengeneza tena. Miaka 13 ilipita. Mwaka 1937 alitengeneza gitaa ambalo Segovia alilipenda mno, akalipiga kwa miaka mingi.

Kwa nini kuiga vipimo hakutoshi? Ni kwa sababu mbao hazifanani. Mbao mbili zikikatwa kwa unene wa milimita 2, moja yaweza kuwa ngumu kuliko nyingine. Kwa hiyo fundi huupinda ubao taratibu kwa mikono, huugonga kwa kidole na kusikiliza. Kisha huupunguza kidogo kidogo. Haigi sura ya gitaa zuri tu, bali huiga jinsi linavyofanya kazi. Anayeiga rangi na mapambo peke yake hupata gitaa la kutazamwa, si la kusikilizwa.

Jaribio

Vifaa: boksi gumu la kadibodi lenye kifuniko, mshipi mwembamba wa nailoni kama ule wa kuvulia samaki, na penseli.

1. Funika boksi. Lizungushie mshipi, ukaze, kisha ufunge fundo.
2. Ingiza penseli chini ya mshipi, juu ya kifuniko. Hilo ndilo daraja lako.
3. Weka boksi mezani. Kwanyua mshipi na usikilize.
4. Shika mbavu za boksi kwa mikono miwili. Mwambie mwenzako akwanyue mshipi. Je, sauti imebadilika?
5. Sasa achia mbavu, na ukandamize kifuniko kwa kiganja karibu na penseli. Mwenzako akwanyue tena kwa nguvu ile ile. Je, sauti imebadilika?

Kumbuka kubadili jambo moja tu kila mara. Ukibadili mawili pamoja, hutajua ni lipi lililoibadili sauti.

Maswali

1. Kwa nini uzi peke yake hutoa sauti ndogo?
2. Fito zilizo chini ya ubao wa juu zina kazi gani?
3. Torres alitumia karatasi ngumu ili kuonyesha nini?
4. Tafuta zeze au ala nyingine yenye nyuzi. Ni sehemu gani inayofanya kazi ya ubao wa juu wa gitaa?