Ganda Likishang'aa, Risasi Imekwenda Wapi?

Mwenzangu mmoja wa maabara, Mmarekani ambaye wikendi zake huishia kwenye uwanja wa kulenga shabaha, aliniletea siku moja kikopo chenye maganda kumi hivi ya risasi zilizokwisha kufyatuliwa. Mengine yalikuwa meusi kama sufuria ya kuni, mengine yaking'aa kama bangili za bibi harusi, na mawili yalikuwa na rangi ya waridi iliyompa wasiwasi. Swali lake lilikuwa fupi: njia gani ya kuyasafisha ni bora? Nilidhani nitamjibu kwa dakika tano. Yakawa mazungumzo ya wiki nzima, na kufika mwisho hatukuwa tena kwenye habari za kung'aa. Tulikuwa tunamzungumzia mtoto wake wa miezi kumi anayetambaa.

Kwanza tuwekane sawa. Kile tunachokiita risasi kwa mazoea ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayowasha baruti (siyo wale mafataki wa kwenye matangazo ya redio), na ganda linaloshika vyote. Bunduki ikilia, kichwa kinakwenda zake, baruti inaungua, fataki inakwisha kazi. Ganda linabaki. Marekani kuna watu wengi wanaookota maganda yao, wakayasafisha na kuyajaza upya, kwa sababu ganda ndiyo sehemu ya gharama inayoweza kutumika tena na tena. Kwetu Afrika Mashariki mambo ya silaha na risasi yako chini ya vibali na sheria kali, kwa hiyo usiyachukue haya kama mwaliko wa kujaribu. Lakini kemia yake ni ileile ya buli la kahawa, koki ya bomba na misumari mikubwa ya milango ya Zanzibar, na hiyo ni halali kwa kila mtu.

Metali yenyewe ni mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kamusi zetu huiita shaba nyeupe, ingawa kwa macho yangu ni ya manjano tangu nizaliwe. Nitaiita brasi tusichanganyikiwe.

Kwa nini brasi, na siyo chuma cha kawaida? Kwa sababu inajua kutanuka na kurudi. Kwa risasi ya bunduki kama .308 Winchester, shinikizo la juu linaloruhusiwa na viwango vya Marekani ni pauni 62,000 kwa inchi moja ya mraba, yaani zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ganda linatanuka, linabana kuta za chemba ili gesi isitoroke kumrudia mpigaji usoni, halafu linanywea kidogo ili liweze kutoka. Ganda lenye ufa, au lililodhoofishwa na dawa ya kusafishia, haliwezi kazi hiyo. Hili likumbuke tunapoendelea.

Sasa uchafu. Ndani ya ganda lililotumika kuna masizi ya kaboni, mabaki ya fataki, na nje kuna ngozi nyembamba ya oksidi inayoifanya brasi ififie. Kuna pia mchanga na tope la uwanjani. Cha kushangaza ni kwamba katika vyote hivyo, kinachoharibu vifaa vya kujazia ni hicho cha mwisho tu: chembe za mchanga hukwaruza. Oksidi haina madhara yoyote ya maana, ni sura tu. Ganda lililofifia lakini safi linafanya kazi sawasawa na linalometameta. Mwenzangu hakupenda kusikia hivyo, kwa maana alikuwa ametumia pesa nyingi kununua mng'ao.

Njia ya kwanza na ya zamani ni kusugua kukavu. Unakuwa na bakuli linalotikiswa na mota, ndani yake umejaza magunzi ya mahindi yaliyosagwa, au maganda magumu ya walnut yaliyosagwa kama unataka makali zaidi. Unatumbukiza maganda yako na kuyaacha yatikisike saa mbili hadi nne. Ndiyo, magunzi yaleyale ambayo nyumbani tunawashia moto. Gunzi ni gumu kiasi cha kung'oa masizi, na bado ni laini kuliko brasi, kwa hiyo haliichimbi. Nje hutoka pazuri sana. Ndani hubaki weusi kidogo, na kile kishimo cha fataki kule kitakoni mara nyingi hakiguswi kabisa. Ni njia rahisi, haina maji, haina kukausha. Ina tatizo moja kubwa nitakalolirudia.

Ya pili ni kusugua kwa maji: pipa dogo linalozunguka kama mashine ya kufulia, maji, sabuni ya vyombo kidogo, chembe za asidi ya sitriki, na maelfu ya vijiti vya chuma kisichoshika kutu, vyembamba kama waya na vifupi kuliko punje ya mchele. Baada ya saa moja au mbili ganda linatoka jipya, nje, ndani, mpaka kishimoni. Hapa watu hupagawa. Ila vijiti vina tabia ya kunasa mle ndani, na kimoja tu kilichosahaulika ni balaa, hivyo lazima ukague ganda mojamoja. Ukizungusha muda mrefu mno, maganda yakigongana, midomo yake huanza kufutuka kwa kupondwapondwa. Halafu kuna kukausha. Wapo wanaoyatia kwenye oveni ya kupikia. Hilo nalo tutalirudia.

Mawimbi ya sauti nitayapita haraka. Ni beseni la maji ya uvuguvugu linalotetemeshwa kwa sauti ya juu sana ambayo sikio halisikii, kwa kawaida mitetemo kama 40,000 kwa sekunde. Vipovu vidogo vinazaliwa na kupasuka kwenye uso wa metali, na kila kinachopasuka kinang'oa uchafu. Inafika kila upenyo, ni ya dakika chache, lakini haing'arishi: ganda hutoka safi na limefifia vilevile.

Njia ya nne ndiyo ya jikoni kwetu: asidi. Bibi yangu hakuhitaji shahada kujua kwamba nusu ya ndimu na chumvi hurudisha buli la kahawa kwenye ubwana wake, na ukwaju ukiwepo, ni bora zaidi. Oksidi ya shaba huyeyuka kwenye asidi, metali yenyewe huyeyuka polepole mno. Asidi ya sitriki, ambayo ni ileile ya ndimu, ikiwa kijiko kidogo kwenye lita ya maji, hulisafisha ganda kwa dakika tano mpaka kumi. Ukisuuza vizuri mara mbili, umemaliza.

Basi ile rangi ya waridi ilitoka wapi? Nilimbana, akakiri: aliyaloweka maganda mawili kwenye siki na chumvi akaenda kulala.

Kumbuka kile kipindi cha kemia sekondari ulipochovya kipande cha zinki kwenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba. Baada ya muda zinki ilivaa ngozi nyekundu. Zinki ni mwepesi wa kutoa elektroni kuliko shaba, kwa hiyo inaingia majini na shaba iliyokuwa majini inaganda mahali pake. Ndani ya brasi zinki na shaba wamelala kitanda kimoja. Ukiiacha kwenye asidi muda mfupi, hakuna neno. Ukiiacha usiku kucha, mambo mawili yanaweza kutokea: shaba iliyokwisha kuyeyuka inarudi kujipaka juu kama rangi, au zinki inachomoka kutoka kwenye metali yenyewe na kuacha shaba yenye vitundu kama sifongo. La kwanza ni la sura tu, la pili linadhoofisha ganda. Tulisugua ganda moja kwa msasa laini na manjano ikajitokeza mara moja, dalili kwamba ilikuwa ngozi ya juu. La pili lilikuwa limechimbika. Nilimwambia ayatupe yote mawili, maana ganda ni senti kadhaa na jicho ni jicho.

Kuna adui mwingine mkimya kuliko siki, naye ni amonia. Jeshi la Waingereza kule India lilikuwa na kawaida ya kuhifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika. Mvua zikiisha, askari wanakuta maganda yamepasuka yenyewe, bila kufyatuliwa, bila kugongwa. Miaka mingi tatizo hilo lilihusishwa na majira tu. Mwaka 1921 watafiti wa Kiingereza Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza kisa: mkojo wa farasi hutoa amonia, unyevu wa masika unaifikisha kwenye brasi, na brasi yenyewe, kwa kuwa imevutwa kwa nguvu kiwandani, imebaki na mkazo ndani yake. Amonia inaishambulia shaba kwenye mipaka ya chembechembe za metali, na mkazo unamalizia kazi kwa kupasua. Kimoja bila kingine kisingetosha.

Nimelileta hilo kwa sababu baadhi ya dawa za kung'arishia shaba zinazouzwa madukani zina amonia. Kwa sanamu au kitasa cha mlango, futa, suuza, maisha yaendelee. Kwa ganda litakalobeba shinikizo nililolitaja, hapana. Hizi zinang'arisha haraka kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo maana zinawapata watu.

Sasa tuje kwenye lile tatizo la kusugua kukavu. Kiswahili kimetufanyia jambo moja la ajabu hapa: kile kitokacho kwenye mtutu kinaitwa risasi, na ile metali nzito ya kijivu ambayo wavuvi hutengenezea chubwi nayo inaitwa risasi. Fataki nyingi mpaka leo hutumia kiungo cha risasi (hiyo metali), kinaitwa stifineti ya risasi, na ikiungua, vumbi lake hubaki ndani ya ganda pamoja na masizi. Kwa hiyo unaposafisha ganda, unaondoa risasi kwenye risasi. Swali ni moja tu: unaipeleka wapi?

Kwenye magunzi, inahamia kwenye magunzi. Mzunguko baada ya mzunguko inajilimbikiza, mpaka yale magunzi ya rangi ya asali yanakuwa kijivu. Mashine yenyewe ikiwa imefunikwa, vumbi si kubwa. Ngoma ni pale unapomaliza na kumwaga vyote kwenye chekecheke ili utenganishe maganda. Lile wingu dogo linaloruka, unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha, ndilo hilo. Linatua kwenye nguo, kwenye zulia, kwenye viatu, na viatu vinaingia sebuleni.

Nikamuuliza mwenzangu: unachekechea wapi? Akasema chumba cha kufulia. Nikamuuliza tena: mtoto anatambaa wapi? Hakunijibu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya risasi anayoifyonza mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Inashambulia ubongo unaokua. Marekani, tangu mwaka 2021, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu anahesabiwa kuwa wa kufuatiliwa. Hicho ni kiasi kidogo mno, na mkono wa mtoto anayetambaa husafiri kutoka sakafuni hadi mdomoni siku nzima.

Kwa upande huu, kwa maoni yangu, maji yanashinda bila mjadala, iwe ni pipa la vijiti au beseni la mawimbi. Vumbi lililolowa haliruki. Lakini haina maana kwamba limekufa: sasa risasi iko majini, na ukiwa umetia asidi, sehemu yake imeyeyuka kabisa. Maji hayo hayamwagiwi bustani ya mchicha, na maganda yaliyotoka humo hayaingii kwenye oveni inayooka mkate wa kesho. Jua na taulo la zamani vinatosha. Glovu uvae, na mikono uoshe kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chochote cha kula.

Mwenye mashine ya magunzi naye hajakosa njia. Achekechee nje, upepo ukimpa mgongo, amevaa barakoa nzuri. Atupie vipande vya karatasi yenye unyevunyevu kwenye bakuli wakati linatikisika, vinakamata vumbi vingi. Magunzi ayabadilishe mapema. Na asifagie sakafu kwa ufagio mkavu, bali apanguse kwa kitambaa cha maji.

Mwenzangu alimpeleka mtoto kupimwa damu wiki ileile. Majibu yalikuwa chini ya kiwango cha kufuatiliwa, ila daktari alitaka kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Chumba cha kufulia kilipanguswa chote, kuta na dari. Magunzi ya kijivu yalilowanishwa, yakafungwa kwenye mfuko maradufu na kupelekwa kituo cha taka za sumu cha kaunti. Siku hizi anatumia pipa la maji, analiweka kwenye kibanda cha nyuma, na kuna viatu visivyotoka humo. Chekecheke lake la zamani bado anazunguka nalo kwenye buti la gari, kwa sababu mkewe hataki kuliona hata uani.