Majani ya Mlonge kwa Kuku wa Nyama

Somo letu la leo ni juu ya majani yafaayo kuongezwa katika chakula cha kuku wa nyama.

Wako wafugaji ambao huwatilia kuku wazima dawa za kuua vijidudu katika chakula cha kila siku, ili wakue upesi. Jambo hili ni la hatari. Vijidudu vikizoea dawa huwa sugu, na siku kuku au mtu atakapougua kweli, dawa ile haitafaa kitu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku desturi hiyo tangu tarehe 1 Januari 2006.

Jaribuni mlonge. Majani yake makavu yana protini kiasi cha robo ya uzito wake. Yachumeni, yaosheni, yaanikeni kivulini, kwani jua kali huharibu vitamini. Yakivunjika mkononi yangali kijani, yatwangeni na kuyachekecha. Katika kilo 100 za chakula changanyeni kilo 3, wala msizidishe 5. Majani yakizidi, kuku hushiba nyuzinyuzi tu, wasinenepe. Lusina nayo itumieni kwa hadhari zaidi, maana ina sumu iitwayo mimosini, nayo hudumaza kuku.

Mwisho, kumbukeni kwamba majani ni nyongeza, si chanjo. Mdondo huzuiwa kwa chanjo. Na kuku wakiugua, mwiteni bwana mifugo mapema.