Jeki Huinua, Haishikilii

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu, kuanzia Kasese hadi Bwera, tukitoka zamu hutengeneza magari nyumbani. Tusiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ya mafuta hutegemea mpira mdogo uliomo ndani yake. Mpira ukiharibika, gari hushuka juu ya mtu.

Basi tufanye hivi. Tuchague mahali tambarare na pagumu, si udongo uliolowa mvua. Tuvute breki ya mkono na kutia kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, maana katika magari mengi breki hiyo hukamata magurudumu ya nyuma tu, yakiinuliwa, haisaidii. Nati tuzilegeze kabla ya kuinua. Kisha tuweke stendi mbili za chuma chini ya ekseli, au chini ya chasisi isiyoliwa na kutu, tushushe gari juu yake, tulisukume kulijaribu. Matofali hupasuka ghafla, tusiyatumie.

Kazini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wetu. Kwa hiyo stendi tuzidai. Nyumbani tulindane wenyewe: mmoja akiwa chini, mwenzake awe karibu.