Sahani ya tambi: Fedha ya mkulima imo kwenye spinachi

SAA kumi na moja jioni ni saa ngumu kwa muuza mboga. Spinachi iliyofika sokoni alfajiri ikiwa imesimama sasa imelala, maji ya kunyunyizia hayaisaidii tena, na fungu lililouzwa kwa bei kamili asubuhi linatolewa kwa bei ya kutupa. Lisilouzwa hadi giza huishia jalalani. Hasara hiyo humrudia mkulima, kwa kuwa mchuuzi aliyepoteza mtaji leo, kesho hununua kidogo au hudai bei ya chini.

Saa hiyo hiyo watu wanaotoka kazini hupita mbele ya meza yake wakiwaza chakula cha usiku. Asiye na muda wa kuchemsha maharage huingia dukani na kutoka na pakiti ya tambi, huku mboga ikibaki mezani. Vitu hivyo viwili vingeweza kuingia sufuria moja, na wa kwanza kufaidika angekuwa mkulima wa mboga.

Ngano ya nje, jani la nyumbani

Tambi hutengenezwa kwa ngano. Tanzania hulima ngano katika maeneo kama Hanang, Karatu na Nyanda za Juu Kusini, lakini sehemu kubwa ya ngano inayotumika nchini huagizwa kutoka nje. Kenya nayo iko katika hali hiyo. Ndiyo maana vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 na bei ya ngano kupanda duniani, wauza maandazi na chapati wa mitaani nao waliguswa.

Spinachi haipiti bandarini. Hutoka Lushoto, Mgeta, Arusha na katika bustani za pembezoni mwa miji. Kwa hiyo, kadiri sahani ya tambi inavyojazwa mboga, ndivyo sehemu kubwa ya fedha ya mlaji inavyobaki kwa mkulima, msafirishaji na mchuuzi wa hapa. Anayekula tambi kwa nyanya ya kopo peke yake, fedha yake nyingi imekwenda mbali.

Tambi zenyewe si ngeni. Watu wa Pwani wamezipika kwa nazi, sukari na iliki kwa miaka mingi, hasa wakati wa futari. Kilichopungua ni mazoea ya kuzila na mboga za majani kama mlo kamili wa usiku.

Shina nalo limelipiwa

Mboga inayoitwa spinachi katika masoko mengi ya Afrika Mashariki, yenye jani pana na shina nene jeupe, kwa kweli ni jamaa ya kiazisukari. Spinachi halisi hupenda baridi na huwahi kutoa maua penye joto. Hii ya kwetu huvumilia zaidi, na mkulima huchuma majani ya nje huku ya ndani yakiendelea kukua, hivyo shina moja humpa mavuno kwa miezi kadhaa.

Wapishi wengi hukata shina na kulitupa. Hiyo ni hasara, kwa sababu aliyenunua fungu amelipia na shina. Likikatwakatwa na kukaangwa na kitunguu, hulainika vizuri na kuongeza wingi wa mchuzi. Jambo hili ni muhimu kwa kuwa jani lina maji mengi, karibu asilimia 90, na sufuria iliyojaa majani mabichi hugeuka bakuli dogo baada ya kuiva.

Chakula cha nusu saa

Kwa watu watano, pakiti ya gramu 500 inatosha, yaani gramu 100 kwa kila mmoja. Mahitaji mengine ni kilo moja ya spinachi, nyanya nne, vitunguu viwili, punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vitatu vya mafuta, limau na chumvi.

Mwenye jiko moja la mkaa aanze na mchuzi. Akaange vitunguu na mashina, aongeze kitunguu saumu, kisha nyanya, na zikishaiva aepue na kufunika. Halafu achemshe maji, atie chumvi na tambi. Nyingi huiva kwa dakika nane hadi 12. Dakika moja kabla ya kuepua, atumbukize majani yaliyooshwa na kukatwa. Achote kikombe kimoja cha maji hayo, amwage yaliyobaki, kisha achanganye tambi, majani na mchuzi. Maji ya kikombe yana wanga na huufanya mchuzi ushike. Limau likamuliwe mwisho, chakula kikiwa mezani.

Limau si kwa ladha tu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani hufyonzwa kwa shida mwilini, na vitamini C husaidia. Mafuta nayo husaidia mwili kupata vitamini A. Chai ya rangi isubiri, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma.

Siku nyingine nyanya zinaweza kuachiwa karanga zilizosagwa au tui la nazi. Mayai mawili yaliyovurugwa au dagaa waliokaangwa huongeza protini bila gharama ya nyama.

Hesabu ya mama lishe

Kwa muuza chakula, faida kubwa iko kwenye mkaa na muda. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa moja na nusu au zaidi. Chakula hiki hukamilika kwa nusu saa. Ajumlishe bei ya siku ya pakiti, mboga, nyanya, vitunguu, mafuta na mkaa, kisha agawanye kwa sahani tano. Hiyo ndiyo gharama ya sahani moja kabla ya kodi ya kibanda na jasho lake. Tambi zipikwe kidogo kidogo wateja wanapofika, kwani zikikaa hugandana na kuharibika sura. Mchuzi unaweza kutangulia.

Mkulima naye ana kazi yake. Kupanda matuta yote siku moja ni kujiletea mafuriko ya mboga na kushusha bei. Matuta machache kila baada ya wiki mbili huleta fedha ya mara kwa mara. Achume jua likiwa chini, mzigo ukae kivulini, na aliyepiga dawa azingatie siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, kwa sababu mboga hii huliwa jani zima.

Mchuuzi naye asisubiri jani lilale. Kuanzia saa tisa alasiri anaweza kufunga pamoja spinachi, nyanya nne, vitunguu viwili na limau, na kuuza kama mboga ya jioni ya familia moja. Mpita njia anayekwenda kununua pakiti ya tambi atakuwa amerahisishiwa kazi, na muuzaji atafunga meza yake akiwa amebakiwa na fedha badala ya majani yaliyonyauka.