Kiingereza cha Uganda: Lafudhi hutoka wapi, na kwa nini huchekwa?

Jijini Kampala, mtu akisema sentensi mbili za Kiingereza, wasikilizaji wake huwa wamekwisha kukisia kwao ni wapi: Masaka, Mbarara au Gulu. Mara nyingi kicheko hufuata, na wanaochekwa zaidi ni wasemaji wa Kiganda, kwa kubadilisha L na R.

Huo si uzito wa ulimi. Katika Kiganda, L na R ni kama sauti moja yenye sura mbili: R huja baada ya irabu E na I, na L hushika nafasi nyinginezo. Ndiyo maana redio huitwa “leediyo”, ilhali meli yetu ya Kiswahili imegeuka kuwa “emmeeri”. Anayekitamka Kiingereza hivyo anafuata kanuni sahihi kabisa, ila ni kanuni ya lugha nyingine. Kiacholi nacho, kwa asili yake, hakina S. Sukari ni “cukari”, C ikisomwa CH, na mzee wa Gulu ambaye hakukaa sana shuleni huingia na desturi hiyo hiyo katika Kiingereza.

Tofauti haiishii kwenye matamshi. Ukiambiwa Kampala “you are lost”, hukukosea njia. Unalaumiwa kwa kutoonekana siku nyingi. Aliyejikwaa huambiwa “sorry” na mtu ambaye hata hakumgusa. Anayekutwa akilima husalimiwa “well done”, ambayo ni “gyebale” ya Kiganda iliyovikwa nguo za Kiingereza. Mwingereza hushangaa. Msemaji wa Kiswahili hashangai, kwa kuwa kwake hizo ni “umepotea”, “pole” na “pole na kazi”. Nami mfasiri nikiri kwamba Kiingereza hiki hunipa kazi nyepesi. Taarifa zinazotoka London ndizo hunichelewesha.

Mwaka 2014, Bernard Sabiti alichapisha kamusi ya Kiingereza hiki, ambacho wengi hukiita Uglish. Kabla ya hapo, maneno yake yalihesabiwa zaidi kuwa makosa ya kusahihishwa darasani.

Kicheko kina gharama. Katika chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanyia kazi, mkulima wa kaskazini alieleza kwa Kiingereza namna ukame ulivyomaliza mtama wake. Alieleweka vizuri. Hata hivyo, sauti yake iliondolewa na maneno yake yakasomwa na mtangazaji aliyekuwa akiiga lafudhi ya ng’ambo, ambayo, kwa maoni yangu, ilikuwa ngumu kufuatwa kuliko ya mkulima. Jirani zake waliosikiliza jioni ile hawakumsikia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili nchini Uganda tunalijua jambo hili kwa pande zote mbili. Huchekwa Kiswahili chetu tufikapo Mombasa au Dar es Salaam, kisha tukirudi nyumbani tunawacheka wanaojifunza. Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wa Buganda watakuja na kanuni yao ya L na R, na mwalimu atasikia “meri” mahali pa “meli”. Hapo atakuwa na hiari: kucheka, au kueleza ilikotoka.